Kapteni Speke na Sikio Lake la Tanganyika

Ndugu askari na ndugu polisi, yeyote kati yenu aliyewahi kushika zamu ya jioni katika mtaa wa Buyenzi anaijua milima ile ya Uvira, ambayo hujitokeza ng'ambo ya ziwa mbingu zikiwa safi, na nyuma yake jua huzama. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka 1858, kabla mji huu wa Bujumbura haujawapo, mitumbwi miwili ilifika chini ya milima hiyo ikiwachukua maafisa wawili wa Kiingereza. Mmoja alikuwa na vidonda vya ulimi hata hakuweza kusema. Wa pili alikuwa na jeraha la sikio hata kusikia kwake kulikuwa kwa taabu. Huyo wa pili ndiye John Hanning Speke, na leo tunawaletea habari za maisha yake.

Vitabu vya shule humtaja Speke kwa ajili ya mto Nili tu. Sisi tutamtazama zaidi kwa upande wa sikio lake, kwa kuwa yeye alikuwa askari kabla ya kuwa mpelelezi wa nchi, na maradhi yaliyompata huingia kambini mara nyingi kuliko mto Nili.

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa watu wenye ardhi, naye tangu utotoni alipenda bunduki na mawindo kuliko vitabu. Mwaka 1844, akiwa na umri wa miaka 17, alipata nafasi ya uafisa katika jeshi la Waingereza huko Bara Hindi, katika kikosi cha 46 cha askari wa miguu wa Bengal. Alipigana katika vita vya Punjab vya mwaka 1848 na 1849, vita vilivyokuwa na mizinga mingi pande zote mbili. Kila alipopewa likizo alipanda milima ya Himalaya kuwinda na kuchora ramani. Alikuwa mtu mkimya, mwenye subira ya kutembea, asiyelewa, asiyevuta tumbaku. Alikuwa pia mwepesi wa kuona kwamba amedharauliwa, na kasoro hiyo tutakutana nayo tena.

Mwaka 1854 alifika Aden, akajiunga na Luteni Richard Burton kwa safari ya nchi ya Wasomali. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Aprili 1855, kambi yao iliyokuwa pwani ya Berbera ilishambuliwa. Afisa mmoja aliuawa, Burton alichomwa mkuki ukapita shavu hadi shavu, na Speke alikamatwa, akafungwa mikono, akachomwa mikuki mahali 11 mwilini. Alijinasua na kukimbia kwa miguu hadi ufukoni. Kwa hiyo miaka mitatu baadaye, huyu aliyeshindwa na mdudu mmoja hemani hakuwa mtu wa kuogopa maumivu.

Baada ya kutumika kidogo katika vita vya Krimea upande wa Waturuki, Speke alifuatana tena na Burton. Walifika Unguja mwezi Desemba 1856, na katikati ya mwaka 1857 wakaondoka pwani kuelekea bara kwa njia ya misafara ya biashara. Hapo ndipo anapoingia Sidi Mubarak Bombay, ambaye kwa maoni yetu anastahili kutajwa mara nyingi zaidi ya anavyotajwa. Yeye alikuwa Myao, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa Bara Hindi, akarudi akiwa huru na kuandikwa askari wa Sultani wa Unguja. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili cha kutosha mazungumzo. Alisema na Bombay kwa Kihindustani, na Bombay akasema na ulimwengu wote kwa Kiswahili. Tangu mwanzo, basi, mpelelezi huyu alisikia Afrika kwa sikio la mtu mwingine.

Msafara ulifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Homa ziliwaandama wote. Tarehe 13 Februari 1858 walipopanda kilima na kuona maji ya Tanganyika yaking'aa chini yao, Burton aliyaona, lakini Speke hakuona ila ukungu, kwa maana macho yake yalikuwa yamevimba kwa maradhi. Alikuwa ametembea mamia ya maili ili alione ziwa, na sasa hakuweza kuliona.

Huko Ujiji walikosa chombo kikubwa cha kulizunguka ziwa. Walipata habari kwamba Sheikh Hamed bin Sulayyim, mfanyabiashara aliyekaa kisiwa cha Kasenge karibu na ufuko wa magharibi, alikuwa na jahazi. Burton hakuweza hata kusimama, kwa hiyo Speke, ambaye sasa aliona kidogo, alivuka ziwa kwa mtumbwi mwanzoni mwa mwezi Machi pamoja na Bombay na wapiga makasia. Njiani walitua katika kisiwa kiitwacho Kivira. Usiku ulikuja upepo mkali wa mvua ukaitikisa hema yake. Dhoruba ilipotulia aliwasha mshumaa ili apange vitu vyake, na mara hema ikajaa mbawakawa wadogo weusi, waliovutwa na mwanga. Alijaribu kuwafagia akashindwa. Akazima taa, akajilaza, wadudu wakitambaa mikononi na katika nywele.

Aliamshwa na mmoja aliyekuwa akiingia sikioni. Mdudu yule aliusonga mbele ule mfereji mwembamba mpaka njia ikamwishia, na alipoona haiendelei akaanza kuchimba kwa nguvu zote penye kiwambo cha sikio. Aliyepatwa na jambo hilo anajua kwamba kishindo chake ni kama cha jembe ndani ya fuvu. Speke alikumbuka nyuki waliowahi kuwavamia punda wao vichwani na masikioni wakawatia wazimu, akadhani naye ataupata. Akatafuta mafuta au chumvi, hakupata, akamimina samli iliyoyeyushwa. Haikusaidia. Mwishowe akachukua kisu kidogo cha mfukoni, akakichomeka sikioni.

Mdudu alikufa, lakini ncha ya kisu iliumiza sikio vibaya. Uvimbe ukaanza, usaha ukafuata, shavu na shingo zikajaa majipu mpaka begani, na taya likakataa kufunguka, hata akaishi siku kadhaa kwa mchuzi tu. Kwa miezi mingi alikuwa karibu kiziwi. Jipu lilitoboa tundu kati ya sikio na pua, na kila alipopenga kamasi sikio lilipiga mluzi, na waliomsikia wakacheka. Vipande vya yule mbawakawa, mguu au bawa, vilitoka pamoja na nta ya sikio baada ya miezi sita au saba. Mwenyewe ameeleza mambo haya bila kujihurumia, na ameongeza la kushangaza, kwamba tangu sikio lilipoanza kuuma macho yake yalipata nafuu, kana kwamba ugonjwa ulihama. Sisi hatumshauri mtu yeyote kujaribu tiba hiyo.

Hapa na tusimame kidogo, kwa kuwa wengi wenu hulala mahemani na katika vibanda vya doria. Samli ya Speke haikuwa wazo baya. Mdudu aliye hai sikioni huuawa kwa mafuta safi ya kupikia, yaliyopashwa kidogo tu yasiunguze, mgonjwa akiwa amelaza kichwa sikio likitazama juu. Kisha aende zahanati ili mdudu atolewe na mtu mwenye taa na vifaa. Kama sikio lilikuwa tayari linatoka usaha, au kiwambo kimepasuka, mafuta yasitiwe. Kilichomharibu Speke ni kile kisu. Vivyo hivyo kijiti cha kiberiti, kalamu, au waya wa redio, vitu ambavyo tumewaona watu wazima wakivitumia hadharani bila haya.

Sasa turudi ziwani. Speke alifika Kasenge akiwa na sikio linalowaka. Sheikh Hamed alimpokea vizuri, ingawa jahazi lenyewe hakulipata. Walizungumza habari za ziwa, na Speke akaondoka na neno lililowasha moyo wake na wa Burton, kwamba upande wa kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Ikiwa ni kweli, mto huo, Rusizi, huenda ukawa ndio mwanzo wa Nili. Neno hilo lilikuwa limetoka kinywani mwa Sheikh, likapita kwa Bombay, likageuzwa Kihindustani, likaingia katika kichwa chenye sikio moja zima na jingine lililojaa usaha. Burton ameandika kwamba baadaye Bombay alidai Speke hakumwelewa Sheikh, kwamba alikuwa amesema mto unaingia, si unatoka. Hatuwezi kulitwisha sikio lile kosa lote, maana hata mtu mwenye masikio mawili mazima huweza kupotewa kati ya lugha mbili. Lakini kila afisa aliyewahi kupokea taarifa kwa simu mbovu ya upepo anafahamu jinsi neno moja dogo linavyoweza kupeleka kikosi kizima njia isiyo yake.

Basi kwa ajili ya neno hilo, mwezi Aprili wote wawili wakashika mitumbwi kwenda kaskazini, wakiongozwa na Kannena, mkuu wa Ujiji. Walipiga kambi Wafanya, penye mwanzo wa nchi ya Urundi, ambayo siku hizo ilikuwa chini ya Mwami Mwezi Gisabo. Kisha wakavuka kupitia Ubwari, wakafika Uvira tarehe 26 Aprili. Huko walikuja kuwaona wana watatu wa mtawala wa mahali hapo, nao wakasema bila kusitasita kwamba Rusizi huingia ziwani. Wapiga makasia walikataa kuendelea kwa hofu ya watu wa mbele. Hivyo safari ikaishia hapo, karibu sana na mlango wa mto, pasipo hata mmoja wao kuuona kwa macho.

Mtu mwenye sikio moja hupata shida ambayo wengine hawaielewi. Si kwamba hasikii. Husikia, lakini hajui sauti inatoka wapi, kwa maana akili hupima mahali pa sauti kwa kulinganisha sikio na sikio. Pia penye watu wengi maneno humchanganyikia. Katika barabara zenye namba za Buyenzi, mahali ambapo fundi wa magari anagonga bodi, pikipiki inapita na muuzaji anaita, mtu kama huyo akiitwa na polisi huenda akageukia upande usiofaa au asigeuke kabisa. Polisi naye asipokuwa mwangalifu atadhani ni ukaidi. Ni vizuri kulikumbuka jambo hili kabla ya kuinua kirungu.

Wakati wa Speke msaada uliokuwapo ulikuwa baragumu la sikio, yaani pembe ya bati au fedha iliyoelekezwa kwenye kinywa cha msemaji. Vifaa vya umeme vilikuja mwanzoni mwa karne ya 20, vikiwa vizito na vyenye nyaya, na vile vidogo vilipatikana baada ya transista kuanza kutiwa ndani yake mwaka 1952 na 1953. Elimu yenyewe ya kumzoeza mtu kusikia upya ilikua sana katika hospitali za jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya askari waliorudi na masikio yaliyoharibiwa na mizinga. Kwa hiyo askari anayevaa kifaa hicho leo havai kitu cha wazee tu. Kilistawi kwa ajili ya wenzake.

Lakini kukizoea ni kazi. Anayekivaa mara ya kwanza husikia sauti yake mwenyewe ikivuma kama ndani ya pipa, vijiko vikilia kama panga, na karatasi ikipasuka kama bati. Akili ilikuwa imesahau sauti hizo, na sasa zinaletwa zote kwa pamoja. Wengi hukitia sandukuni siku ya tatu. Anayefuata taratibu huanza nyumbani mahali pa utulivu kwa saa chache, akizungumza na mtu mmoja, kisha wawili, halafu ndipo aende sokoni. Kwa kawaida huchukua majuma kadhaa, na wengine miezi, mpaka akili ijifunze tena kuchagua lipi la kusikiliza na lipi la kuacha. Jasho na nta ndio maadui wa kifaa, basi kifutwe kila jioni. Na sikio linalotoka usaha kama lile la Speke litibiwe kwanza likauke. Kulizibia kifaa ni kulizidishia ugonjwa.

Turudi kwenye maisha yake. Waliporudi Kazeh, Burton alibaki kupumzika, na Speke akaondoka kwenda kaskazini mwezi Julai 1858. Tarehe 3 Agosti aliona, karibu na Mwanza, ziwa ambalo wenyeji walijua ni kubwa mno, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Papo hapo, bila kuzunguka hata sehemu yake moja, akaamua kwamba ndilo chanzo cha Nili. Burton hakukubali. Kuanzia siku hiyo urafiki ulikufa. Speke alitangulia kufika London mwezi Mei 1859, akatangaza habari zake kwa Chama cha Kifalme cha Jiografia kabla mwenzake hajawasili, akapewa safari mpya. Katika jambo hili hakutenda kiungwana, hata kama kuhusu mto alikuwa na haki.

Safari hiyo ya pili, pamoja na Kapteni James Grant na tena Bombay, ilidumu tangu mwaka 1860 hadi 1863. Alikaa kwa Mfalme Rumanika wa Karagwe, kisha kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, na tarehe 28 Julai 1862 alisimama mahali Nili inapotoka ziwani. Kitabu chake cha mwaka 1863 kina mengi ya thamani. Kina pia nadharia moja yenye madhara makubwa, kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa walikuwa uzao wa watu wengine waliotoka Uhabeshi. Jambo hilo hakulisikia kwa sikio zima wala kwa sikio bovu. Alilitunga kwa kutazama sura za watu na kulichanganya na Biblia. Wakoloni waliokuja baadaye Rwanda na Burundi walilipokea kama elimu, wakalifundisha, wakagawa vyeo kwa kulifuata. Wazee wetu na sisi tumelilipia gharama.

Mwezi Septemba 1864 ilipangwa Speke na Burton wakabiliane mbele ya wataalamu katika mji wa Bath. Speke hakuwa msemaji, na mjadala wa ukumbini ni mateso kwa mtu mwenye sikio moja. Asubuhi ya tarehe 15 alihudhuria kikao, akamwona Burton kwa mbali, wasisalimiane. Mchana akaondoka kwenda kuwinda kware katika shamba la ndugu zake. Alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe bunduki yake ililia, risasi ikamwingia kifuani, akafa baada ya dakika chache. Alikuwa na umri wa miaka 37. Baraza la uchunguzi liliamua kwamba ni ajali. Wako waliosema alijiua, lakini ushahidi wa jeraha na wa mtu anayepanda ukuta huku akivuta bunduki kwa mtutu unatutosha kukubaliana na baraza. Kila mwalimu wa silaha anaijua ajali hiyo.

Na kwa kuwa tumetaja bunduki, liko jambo moja la masikio ambalo Speke hakulijua. Aliyepiga risasi tangu utotoni, Punjab, Himalaya, Karagwe na Buganda, hakuwa akiharibiwa na mbawakawa peke yake. Mlio wa kishindo unaozidi desibeli 140 huweza kuumiza sikio mara moja, na bunduki ya kijeshi hupita 150. Nywele ndogo zilizo ndani kabisa ya sikio, zikisha kukatika, hazioti tena. Anayefyatulia bega la kulia huumia zaidi sikio la kushoto, kwa kuwa ndilo lililo karibu na mdomo wa mtutu. Pamba ya kawaida haizuii kitu cha maana. Vizibo vya sponji au vifuniko vya masikio vinazuia, na kiwanja cha shabaha si mahali pa kuviacha. Sikio linalovuma usiku baada ya mazoezi limekwisha kuonya.

Ugomvi wa mito uliendelea bila Speke. Mwezi Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakapita Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura ya leo, ambako jiwe la kumbukumbu yao lipo hadi sasa, wakafika mlangoni mwa Rusizi. Waliona kwa macho yao maji yakiingia ziwani, kama walivyosema wale vijana watatu wa Uvira. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa Victoria lote na kuthibitisha dai la Speke. Bombay alikuwa ameongoza pia msafara wa Stanley wa mwaka 1871, na baada ya huo msafara wa Cameron uliovuka bara kutoka pwani hadi pwani. Chama cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha na baadaye malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885.